Kabla hujaweka broila 500: jibu langu kwa dada wa Dodoma

Juzi usiku nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Dodoma. Zamu yake ya mchezo wa kupeana fedha imefika, ana milioni mbili mkononi, anauliza: "Dada, niweke broila 500 au ninunue ng'ombe mmoja wa maziwa?" Niliusoma mara tatu. Swali hilohilo nililiuliza mimi mwaka 2017, na jibu nililopewa limenigharimu miaka minne.

Mimi nilianza na ng'ombe. Niliambiwa ng'ombe mmoja wa maziwa ni sawa na mshahara wa mwalimu. Hakuna aliyeniambia kwamba anakula kilo 50 na zaidi za majani mabichi kwa siku, na kwamba majani hayaji zizini yenyewe. Hapa kwetu Mlali, Morogoro, mwezi wa nne nyasi zinafunga njia. Ikifika Septemba unamlipa kijana wa toroli akakutafutie, naye anarudi jioni na mzigo wa siku moja. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nikamue, nikate majani, nisafishe zizi, kisha nikimbilie kazini. Kila wiki dawa ya kupe, maana ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haikupi nafasi ya pili. Halafu kuna hili la joto, yaani ng'ombe anapohitaji dume: dalili zinakuja na kupita ndani ya siku moja, na ukiwa kazini zimekupita, unasubiri siku 21 nyingine. Mtaalamu wa uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila dume, alikuja mara tatu, mimba haikushika. Miezi saba nilimlisha ng'ombe asiyetoa hata kikombe. Nilimuuza huku nalia.

Novemba 2021 nikaingiza vifaranga 300 wa broila, nikilenga Krismasi. Wiki mbili za kwanza nililala bandani kwenye kiti, jiko la mkaa pembeni, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika na kifaranga akipigwa baridi humrudishi. Walikufa 11 tu. Mpaka leo najivunia hilo, kwa sababu wapo wanaopoteza nusu. Hoteli moja ilikuwa imeniahidi kuchukua 200. Wiki moja kabla ya sikukuu, yule niliyekubaliana naye akaacha kupokea simu.

Nataka uelewe kilichofuata, mdogo wangu. Broila akishafika wiki ya sita hasubiri mtu. Kuku wangu walikuwa wanamaliza mfuko wa kilo 50 karibu kila siku inayopita. Kila jua likichomoza nilikuwa nanunua mfuko mwingine kulisha kuku waliokwisha kuwa tayari, nikipiga simu kwa kila mwenye genge ninayemjua. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Nilipanga kuuza kila kuku kwa 7,000, dalali akawabeba kwa 5,000, na ada ya binti yangu ilikuwa inasubiri fedha hiyohiyo. Mume wangu hakuniuliza chochote. Ule ukimya wake bado naukumbuka.

Nilipotulia nikafungua daftari. Katika kila shilingi 100 niliyotumia kwa broila, kama 70 zilikwenda dukani kwenye chakula. Nilikuwa nimemfanyia kazi mwenye duka! Wapo wanaofaidika na broila, nawaheshimu: wana friza, wana wateja wa uhakika, wanaingiza kundi baada ya kundi. Wewe wa milioni mbili, tena unaanza, hauko huko.

Kuanzia hapo mnyama yeyote namuuliza maswali mawili: chakula chako kinatoka wapi, na unataka saa ngapi za mikono yangu? Anayekula kinachoota shambani kwangu ndiye anayenilipa. Wengine wote nawalipa mimi.

Jibu langu basi ni kuku wa kienyeji kwanza, mbuzi wa maziwa baadaye.

Kuku wa kienyeji kwangu wanachukua dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Wanajitafutia, nawaongezea pumba na mabaki ya jikoni. Kinachowamaliza watu ni mdondo. Mama yangu alipoteza kuku karibu wote ndani ya wiki moja, akasema ni upepo mbaya. Haukuwa upepo, ulikuwa ugonjwa wenye chanjo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa wazima. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wako na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo changeni majirani mchanje siku moja. Na vifaranga usiwaache wazurure na mama yao wiki za mwanzo. Mwewe na kicheche wanawahesabu kabla yako.

Mbuzi nilifuata Mgeta, juu Uluguru, ambako damu ya mbuzi wa Norway ipo tangu miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Nilinunua majike wawili chotara. Banda nimeliinua juu, sakafu ya mabanzi yenye nafasi, mavi yanaanguka chini na kwato zinabaki kavu. Wanakula lukina, ule mti wa majani ya malisho, niliyoipanda mpakani, matembele, maganda ya ndizi. Saa moja kwa siku inatosha. Mimba ni miezi mitano, na mara nyingi wanazaa mapacha. Kila mmoja ananipa lita moja na nusu, wakati mwingine mbili. Watu wanasema maziwa ya mbuzi yananuka. Mtenge beberu mbali na majike, kamua kwa mikono safi, halafu uniambie kama yananuka. Samadi naipeleka kwenye mchicha na chainizi, na hiyo bustani sasa inajitegemea.

Nguruwe ni mzuri, sibishi, ila homa ya nguruwe haina tiba, na majirani zangu wengi ni Waislamu, sikutaka kuwakwaza. Kware sitaki hata kuwazungumzia. Wale walionunua wakati ule kware walipovuma walikuwa wafugaji wapya kama sisi, na wafugaji wapya walipokwisha, wanunuzi wakaisha.

Mwezi uliopita nimeuza majike wawili wachanga kwa mtu anayetaka mbegu, nikalipa ada ya muhula mzima ya binti yangu. Mume wangu ndiye aliyepeleka risiti shuleni. Narudia, dada yangu: angalia chakula kinatoka wapi. Usifuate picha za mabanda ya watu.

Kwenye milioni mbili zako, toa ya kununua tetea kumi, jogoo mmoja, banda la kulala na chanjo. Panda lukina mvua zikianza, na hela iliyobaki usiiguse. Lukina ikishafika kiunoni nipigie, tutapanda wote Mgeta kuchagua mbuzi.