Usimwinue panya kwa mkia

Bint'angu, umeuliza kabla hujaanza kazi ya chumba cha wanyama wa maabara: panya weupe wanashikwaje wasikung'ate? Mimi niko Malindi, na nilifunzwa vibaya mwanzo: kamata mkia, inua. Wengi bado hufunzwa hivyo. Panya wa aina ndogo huogopa mkono unaomvuta mkia, na utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba akiingia mwenyewe kwenye kipande cha paipu, au akichotwa kwa viganja viwili kama mtu anavyochota maji, wasiwasi hupungua. Hilo si huruma tu: mnyama mwenye hofu hutoa majibu ya ovyo kwenye majaribio.

Panya wa aina kubwa mshike mabegani, usimbane kifua, maana mbavu zisipofunguka hapumui. Sungura ndiye wa kuogopewa zaidi, ingawa watu humdharau. Masikio hayashikwi kabisa! Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine kifuani, umkumbatie. Akirusha teke miguu ya nyuma haijashikiliwa, uti wa mgongo huweza kuvunjika.

Na hili joto letu la kaskazi usilifanyie mzaha. Panya wanataka nyuzi 20 hadi 26 hivi, sungura chini ya hapo, kwa hiyo umeme ukikatika ndipo utajua kazi. Uliza mapema jenereta iko wapi.

Wiki ya kwanza kaa tu karibu na vizimba, badilisha maranda, wazoee harufu yako. Marashi uache nyumbani.