Filamu Isiyohubiri

SWALI: Ndugu mhariri, binti yangu wa kidato cha sita, mwimbaji wa kwaya, alipunguza sauti nilipomkuta akitazama Henry Gamble's Birthday Party, filamu ya Marekani ya mwaka 2015. Niliketi naye, nikaona vijana wa kanisani wakiogelea na kuzungumza tu. Je, filamu hii inashambulia imani yetu?
Mama, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mama, mimi sioni shambulio. Mwongozaji, Stephen Cone, anamfuata mtoto wa mchungaji anayetimiza miaka 17 na kumpenda rafiki yake wa kiume kimyakimya, huku wazazi wake, wanaosali kwa dhati, wakibeba siri zao wenyewe. Hakuna anayedhihakiwa, na hilo ndilo lililonigusa zaidi. Ukimya wa filamu hii unatutia hofu sisi tuliozoea kila hadithi iishie kwa toba madhabahuni. Kinachonihuzunisha ni ile sauti iliyopunguzwa, kwa maana binti alikwisha kutarajia hukumu. Kabla ya kumpeleka kwa mzee wa kanisa, muulize yeye alimhurumia nani katika filamu ile, kisha msikilize mpaka amalize.