Kopo la kupandisha testosteroni: jibu langu kwa anayetaka misuli ikaze

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue lile kopo la vidonge vya kupandisha testosteroni, yaani homoni ya kiume, la laki mbili na nusu uliloonyeshwa mjini ili mikono na kifua vikaze. Nimefundisha watu vyuma hapa Kampala miaka mingi, na jibu langu ni usinunue. Nakueleza kwa urefu kwa sababu naona vijana wakimaliza pesa ya kodi ya nyumba kwenye vidonge hivi, na inaniuma.

Geuza kopo usome lebo. Mara nyingi utakuta mbigili (wao huandika Tribulus terrestris), uwatu, ashwagandha (mmea wa dawa wa India), zinki na asidi ya D-aspatiki. Mbigili ilijaribiwa kwa wachezaji wa raga wa Australia, matokeo yakatoka 2007: wiki tano za miligramu 450 kwa siku, na hawakuwashinda wenzao waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani, si kwa nguvu wala kwa misuli. Hiyo asidi ndiyo wauzaji wanaipigia debe, kwa kuwa utafiti wa Italia wa 2009 uliona testosteroni ikipanda asilimia 42 ndani ya siku 12. Wasichokuambia ni kwamba wale hawakuwa watu wa vyuma. Mwaka 2013 wanaume waliozoea mazoezi walipewa gramu 3 kwa siku 28, testosteroni yao haikubadilika; mwaka 2015 gramu 6 hata ziliishusha. Zinki humsaidia aliyepungukiwa nayo. Ashwagandha ina tafiti ndogo zenye matokeo ya wastani, ila kuna watu ini limewaumia kwa kuitumia. Na mulondo wetu, ule mzizi wa kutafuna, kwa upande wa homoni, umepimwa zaidi kwa panya.

Hata homoni ikipanda kidogo huku ikibaki ndani ya kiwango cha kawaida, misuli haioni tofauti. Ili ione, lazima uvuke kiwango hicho mbali sana. Utafiti wa Marekani wa 1996 uliwachoma wanaume sindano za testosteroni miligramu 600 kila wiki, kwa wiki 10. Waliochomwa na kufanya mazoezi waliongeza kama kilo 6 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi tu waliongeza kama kilo 2. Lakini homoni ikiingia kutoka nje, ubongo unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinapungua, korodani zinasinyaa. Kijana anayetaka watoto asicheze na jambo hilo.

Kwa hiyo kopo likikupa matokeo ya haraka mno, ogopa zaidi. Kijana mmoja niliyemfundisha alinunua vidonge visivyo na lebo ya maana, nguvu zikapanda ghafla, kisha mgongo ukajaa chunusi na chuchu zikaanza kuuma. Nilimwambia aache na aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Vidonge vya aina hii vimewahi kukutwa na steroidi (homoni za kutengenezwa za kukuza misuli) zilizofichwa, kwa hiyo kabla ya kumeza chochote uliza kama kimesajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Misuli huonekana ikikua na mafuta yakipungua, basi. Skwati, pushapu, kuvuta na kubeba, uzito ukiongezeka taratibu, na usingizi wa kutosha. Protini lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wako. Mwenye kilo 70 ni kama gramu 112. Hapa Uganda hilo halihitaji kopo: mukene mkavu (dagaa wetu), karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, halafu maharage, mayai, njugu na maziwa. Ukibakiwa na pesa, nunua kreatini, unga wa kusaidia nguvu za mazoezi, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hiyo imepimwa sana, na kwa mtu mwenye figo nzima sina wasiwasi nayo.

Ila kama hamu ya mapenzi imeisha, unachoka bila sababu na asubuhi uume hausimami, hapo suala si la jimu tena. Nenda hospitali wapime testosteroni ya damu kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla hujala, na warudie siku nyingine kabla ya kukuandikia dawa yoyote. Halafu niandikie hapa unakula nini kwa siku na unafanya mazoezi gani, tupange pamoja.