Kufuatilia au kulandanisha?

SWALI: Ninatafsiri mwongozo wa kutunza na kukarabati piano zinazojipiga zenyewe kwa gombo la karatasi lenye matundu. Kile kifaa kinachozuia karatasi isihame nimekiita "kifaa cha kufuatilia karatasi". Fundi aliyesoma rasimu anasema hakielewi. Nimekosea wapi?

JIBU: Fundi wako yuko sahihi. Kufuatilia ni kufuata kwa kushikilia, usiache mpaka upate jibu: tunafuatilia kesi, deni, habari. Ile -ili- ya ndani ndiyo inayotia mkazo, kama katika tupa na tupilia. Piano haina jambo inalolifuatilia. Tena, kinachofuata njia hapo ni karatasi. Kifaa kinairudisha njiani.

Tazama kazi yenyewe. Karatasi hupita juu ya upau wa shaba wenye matundu yanayonyonya hewa, na tundu la karatasi likikutana na la upau, noti hulia. Kipimo kilichokubaliwa na watengenezaji mjini Buffalo, Marekani, mwaka 1908 ni noti 88, matundu 9 kwa kila inchi. Kwa hiyo karatasi ikihama hata milimita 3, zinalia noti za jirani! Katika piano nyingi, ukingo wa karatasi husukuma kisikio, yaani kijiti kidogo kinachougusa, hewa ikabadilika katika mivukuto miwili, nayo ikalisogeza gombo hadi matundu yaonane tena.

Kitenzi kinachobeba hayo yote ni kulandanisha. Landana ni kuwa sawa, na ile -an- inadai vitu viwili: tundu na tundu. Ongeza -ish-, umempata anayevifanya vilandane. Andika "kifaa cha kulandanisha gombo".

Hapo hapo nakusihi utenganishe kuhama na kuyumba, maana rasimu yako inavichanganya na fundi atatafuta ubovu mahali pasipo. Karatasi iliyohama imeelemea upande mmoja na haitoki huko; mara nyingi mvukuto mmoja unavuja, au mrija wake wa mpira umepasuka. Inayoyumba huenda kushoto na kulia bila kutulia, pengine kwa sababu kingo zake zimechanika na kisikio hakipati pa kuegemea. Ya kwanza inakarabatiwa. Ya pili huanza kwa kutazama gombo lenyewe, kabla hujagusa mvukuto wowote.