Mafumbo ya aljebra: anzeni na x ni nini

Mdogo wangu wa Urambo, umesema kundi lenu la kidato cha pili hupeana majibu WhatsApp kila usiku, lakini kwenye mtihani mafumbo ya maneno yanawashinda. Nadhani mnakimbilia namba mapema mno.

Chukua lile ulilotuma: madumu 20 ya asali, makubwa sh. 60,000 kila moja, madogo sh. 35,000 kila moja, mauzo yote sh. 900,000; makubwa ni mangapi, na madogo mangapi? Swali limekuja kwa Kiingereza, kwa hiyo lisimulieni kwanza kwa Kiswahili. Kisha andikeni: x ni idadi ya madumu makubwa. Idadi, si bei! Hapo ndipo wengi huteleza. Madogo basi ni 20 − x, na mlinganyo:

60,000x + 35,000(20 − x) = 900,000

Gawanya pande zote kwa 1,000, fungua mabano: 60x + 700 − 35x = 900, yaani 25x = 200. Makubwa 8, madogo 12. Hakikisheni: 480,000 + 420,000. Imetimia.

Kwenye kundi, kila mtu atume hatua moja tu, mwenzake aendeleze. Anayeleta jibu tupu, mwulizeni kwa upole x yake ni nini.