Sitaha inabonyea karibu na mlingoti: nitengeneze kwanza au niuze hivyo hivyo?

SWALI

Salamu, fundi. Mimi ni nahodha, niko Kilifi. Kwa miaka tisa nimeendesha boti ya matanga ya Mwingereza mmoja, Contessa 32 ya mwaka 1976, ya faiba. Tumeshindana nayo hapa horini na tumekwenda nayo hadi Lamu na Pemba. Sasa tajiri amerudi kwao kwa ajili ya ugonjwa, na badala ya mishahara niliyokuwa nikimdai ameniachia boti. Mimi siiwezi gharama zake, nataka kuiuza.

Kazi zipo. Sitaha inabonyea ukikanyaga karibu na mlingoti. Tulipoipandisha mara ya mwisho tuliona malengelenge chini ya mstari wa maji. Injini inawaka vizuri lakini ikibanwa inatoa moshi mweusi. Matanga ni ya zamani, na nyaya za mlingoti sijui zina umri gani. Nyuma kuna namba inayoanza na SSR.

Kuna fundi ameniambia atafungua sitaha yote, ataijenga upya na kuipaka rangi boti nzima, kisha nitauza bei maradufu. Nina akiba ya shilingi 350,000, basi. Nimpe?

JIBU

Usimpe, nahodha. Si kwa kazi hiyo.

Tuanze na mtu atakayekuja kuinunua. Anayetaka boti ya kuingia leo na kutweka tanga kesho hatafuti chombo cha 1976. Atakayekuja kwako ni mtu mwenye mikono, anayependa kazi ya faiba, au mwenye fundi wake anayemwamini. Huyo ukimwonyesha sitaha mpya iliyong'arishwa atakuuliza nani aliijenga, kwa rezini gani, mti wa ndani ulikauka siku ngapi kabla ya kufunikwa. Usipokuwa na majibu, sitaha mpya itamtia wasiwasi kuliko ya zamani. Ubovu unaojulikana umekomea wapi una bei yake, na hiyo bei mtu anaipunguza mnaelewana. Ubovu usio na mpaka ndio unaomrudisha mnunuzi garini. Kwa hiyo akiba yako itumie kuonyesha mipaka, na kuziba vile vidogo vinavyotisha.

Nakuambia haya kwa sababu nilishawahi kuangukia hapo. Zamani mwenye boti mmoja alinishawishi nizibe nyufa za sitaha na nipake rangi juu kabla ya mauzo, na ikapendeza kweli. Mnunuzi akapanda, akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akagonga mara tatu, akashuka. Hakurudi, na hata boti nyingine mbili za bandari ile zilizokuwa nzima hakuziangalia tena.

Sitaha, basi. Katika boti nyingi za miaka ile ni kama sandwichi: faiba juu, faiba chini, katikati vipande vya mti mwepesi wa balsa. Maji huingia kwenye matundu ya skrubu na bolti za vyuma vya ukingo, vishikio na winchi, pale gundi ya kuziba ilipokwisha kufa kwa jua. Balsa ikishalowa inaoza taratibu, na ndipo mguu unapobonyea.

Kazi yako ni hii. Asubuhi sitaha ikiwa kavu, chukua nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, au hata sarafu ya shilingi 20, na chaki. Anza mahali unapojua ni pazima, kwa mfano katikati ya paa la chumba, usikie mlio: ni mkavu, mwembamba, ta, ta, ta. Kisha sogea kuelekea mlingotini ukigonga kila baada ya upana wa vidole vitatu. Mahali mlio unapogeuka mzito, bu, kama umegonga mkate mbichi, weka alama. Usiharakishe. Zunguka doa lote mpaka alama za chaki zikutane, kisha ziunganishe. Utapata umbo kama kisiwa kwenye ramani. Lipime kwa futikamba, lipige picha likiwa na futikamba juu yake.

Halafu hakikisha. Kwa ndani, kutoka darini, toboa tundu dogo la milimita 5 kwenye faiba ya chini peke yake, usipenye mpaka juu. Angalia kinachotoka kwenye keekee. Unga mkavu wa rangi ya maziwa ni balsa nzima. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka kama majani yaliyooza, hapo pamekwisha. Toboa tundu la pili nje ya mstari wako wa chaki kuthibitisha kwamba mpaka ni wa kweli. Ziba matundu kwa epoksi. Sasa huna tena "sitaha mbovu", una "mita moja kwa sentimita 60 upande wa kulia wa mlingoti", au vyovyote itakavyokuwa.

Kisha ng'oa vyuma vilivyo karibu na doa, safisha matundu, rudisha kwa gundi mpya ya baharini. Hii ni kazi ya siku mbili na tyubu chache, na ndiyo itakayouzuia mpaka usitembee wakati unasubiri mnunuzi. Fanya kabla ya masika.

Malengelenge hayanitii hofu sana, ingawa wanunuzi wengi yanawatia. Maji huupenya ute wa nje wa faiba, ile ngozi yake nyembamba inayong'aa, polepole, yanakutana na kemikali zilizobaki ndani tangu kiwandani, yanajenga shinikizo, na ngozi inavimba. Maji ya joto kama yetu huharakisha jambo hilo. Sijapata kuona chombo kilichozama kwa malengelenge, ila nimeona watu waliotumia pesa nyingi kuliko thamani ya boti kuichuna ngozi yote.

Pandisha boti kwenye bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu wakati huo hupita mita 3, na Contessa 32 inakaa ndani ya maji kama mita 1.7, kwa hiyo ukipata mchanga mgumu na nguzo mbili imara za kuegemea, hulipi hata senti ya kreni. Iegemeze kidogo upande wa nguzo, funga kamba kutoka mlingotini, na usiondoke mpaka ikae. Maji yakipwa, kwangua, osha kwa maji yasiyo na chumvi, kisha zungushia kila lengelenge chaki na uhesabu. Pasua moja, lakini kwanza vaa miwani ya kazi, kwa sababu lile tone hutoka kwa nguvu na lina asidi. Harufu yake ni ya siki. Ukubwa wa sarafu na kina cha ute tu, ni jambo la kawaida kwa umri huo. Yakiwa makubwa kama kiganja, na chini yake nyuzi za faiba zimeachana, andika hivyo hivyo. Usijaze wala kupaka rangi. Faiba inataka wiki nyingi za kukauka, na aliyeziba unyevu ndani amemfungia mwenzake tatizo.

Ukiwa hapo chini, lala chali uangalie kisigino cha mkuku, ule uti wa chini wenye uzito wa kuisimamisha boti. Katika Contessa 32 uzito umefungiwa ndani ya faiba, hakuna bolti za mkuku za kuliwa na kutu, na hilo litaje kwa sauti kubwa kwa sababu anayejua boti za zamani litamfurahisha. Lakini mkuku wa aina hiyo ukigonga mwamba na kupasuka, maji huingia na kukaa. Angalia nyufa, na mistari ya kutu au maji yanayochuruzika saa moja baada ya bahari kuondoka.

Injini: moshi mweusi maana yake inalemewa au haipati hewa ya kutosha. Kabla ya kumwita fundi wa dizeli, tazama rafadha, yaani panga la kusukuma boti. Ikiwa imejaa magamba ya baharini, umeshapata mkosaji wa kwanza. Safisha, badilisha chujio la hewa, kisha fungua kiwiko cha ekzosti, mahali moshi unapokutana na maji ya kupozea. Pale masizi na chumvi huziba mpaka tundu la kupita kidole gumba linabaki la kupita penseli. Moshi ungekuwa wa buluu ningekujibu vingine, kwa sababu hiyo ni oili inayoungua ndani. Weka na impela mpya, yaani gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji.

Vali zote za chini ya maji zifungue na kuzifunga kwa mkono. Iliyoganda ilainishwe au ibadilishwe, na hapa usibane pesa. Vali isiyofunga ni hatari kwako wewe mwenyewe unayelala humo, na mnunuzi huigusa katika dakika kumi za mwanzo.

Nyaya za mlingoti ambazo umri wake haujulikani zihesabu kuwa zimekwisha. Kampuni nyingi za bima huanza kuuliza maswali nyaya zikifika miaka 10, nawe boti umekuwa nayo tisa bila kuzibadilisha. Usizinunue wewe, punguza kwenye bei. Ila chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu kwenye kila waya kutoka chini kwenda juu unakofikia. Pale nyuzi za pamba zinaponasa kuna uzi wa chuma uliokatika, mara nyingi pale waya unapoingia kwenye bomba lake la chini. Ukiupata hata mmoja, usishindane tena na boti hiyo, hata kwa heshima ya kijiji.

Matanga yatandaze uwanjani uyapige picha, na kwa kila moja kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, jua limeula. Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa na maisha bado. Spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mashindano, iorodheshe kando, kuna watu watakuja kwa ajili yake.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza na lingepaswa kuwa la kwanza. Hiyo namba ya SSR ni ya daftari la vyombo vidogo la Uingereza. Daftari hilo hutambulisha chombo na bendera yake, halithibitishi mmiliki, hudumu miaka 5, na usajili hufa chombo kinapobadilisha mwenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa simu kwamba "chukua boti" hautoshi. Mwombe tajiri, maadamu yupo na akili zake ni nzuri, akusainie hati ya mauzo yenye jina la boti, namba yake ya kiwandani kama ipo, maelezo ya injini, na maandishi kwamba haina deni. Akutumie pia nakala ya hati yake ya ununuzi. Halafu uende kwa forodha ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ukaulize boti iliingiaje. Kama iliingia kwa kibali cha muda, ushuru haukulipwa, na kuihamisha kwa mkaazi wa Kenya ndiko kunakoufanya udaiwe. Huenda wewe mwenyewe umeshaingia katika deni hilo bila kujua. Jibu hilo litakuamulia soko: kumuuzia mtu wa hapa atakayeisajili Mamlaka ya Bahari ya Kenya, au kumtafuta msafiri wa baharini atakayeitoa nchini. Usipokee hata amana kabla ya kulipata.

Bei tuikokotoe kwa mfano tu. Tuseme Contessa nzima ya umri huo ingepata milioni 2.5, nyaya na sitaha zitamgharimu mnunuzi 900,000. Usiandike milioni 1.6. Atataka pia malipo ya usumbufu na ya yale ambayo hajayaona, hivyo tarajia kukubaliana chini ya hapo, na tangaza juu kidogo ya unachotarajia. Una jina zuri la kukusaidia. Mchoro ni wa David Sadler, ilianza kujengwa 1971 kwa Jeremy Rogers kule Lymington, na zilitoka zaidi ya 700. Katika mashindano ya Fastnet ya 1979, dhoruba ilipoua washindani 15, Contessa 32 iitwayo Assent ndiyo pekee iliyomaliza katika daraja la boti ndogo. Sentensi moja ya hayo inatosha kwenye tangazo. Nafasi iliyobaki weka ramani ya chaki, hesabu ya malengelenge na picha za ngama, kule chini ndani maji yanakojikusanya, ikiwa imeoshwa.

Akija mtu, usiipashe injini moto kabla hajafika. Ataweka kiganja juu yake akijua ulikuwa unaficha kitu. Aiwashe mwenyewe ikiwa baridi. Mpeleke nje ya hori mkapige bisha kidogo, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukatakata, mpe kana, mkono wa usukani, ashike, kwa sababu boti hii ikipanda upepo hujisemea. Amana ya asilimia 10 kwa maandishi, mkaguzi wake alipwe na yeye.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kubadilisha jibu langu. Hukuniambia kama mlingoti umesimama juu ya sitaha au unapita hadi chini mkukuni. Ukiwa umesimama juu ya sitaha na mstari wako wa chaki ukapita chini yake, legeza nyaya, usitweke tanga, na uniandikie na vipimo kabla hujamwita mnunuzi yeyote.