Usimtoe shule kwanza, dada

Pole sana dada. Umeuliza kama umtoe shule mwanao wa darasa la tatu mwenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa damu unaoleta maumivu makali), umfundishe mwenyewe hapo Nkuhungu, Dodoma, maana muhula huu amekosa wiki nyingi. Mimi nisingemtoa. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne, na shule ndiyo inayomsajili Baraza la Mitihani. Jina likishafutwa, utazungushwa kulirudisha.

Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya daktari. Omba siku za kuumwa asihesabiwe mtoro, na mwalimu wa darasa akutumie kazi kwa simu.

Halafu chunguza maumivu humjia lini. Upepo wetu wa Juni na Julai unaujua. Baridi na upungufu wa maji mwilini huyaamsha. Sweta, chupa ya maji, na ruhusa ya chooni kila anapobanwa, kwani watoto hawa hukojoa sana (wapo walimu wanaodhani ni utundu).

Siku za nyumbani, saa moja ya kusoma na hesabu yatosha. Akichoka, alale. Homa ikipanda, daftari weka kando, mkimbize hospitali.